Mkulima wa Markowa na Nyumba Yake

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia jina la Józef Ulma, mkulima wa Kipolandi aliyetangazwa Mwenyeheri pamoja na mkewe na watoto wao wote tarehe 10 Septemba 2023. Lakini twaona kwamba wengi hukijua kifo chake tu. Sisi twapenda kuanza na maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1900 kijijini Markowa, kusini-mashariki mwa Polandi, katika jamaa ya wakulima wadogo. Masomo ya utotoni hayakuwa mengi; akiwa mtu mzima aliingia chuo cha kilimo huko Pilzno, akahitimu mwaka 1930. Alianzisha kitalu cha miche ya matunda, akafuga nyuki na viwavi wa hariri, akajalidi vitabu, akaunda hata mtambo wa upepo wa kumulika nyumba yake, jambo lililokuwa geni sana kwa wakulima wenzake. Katika chama cha vijana Wakatoliki alitunza maktaba. Zaidi ya yote alipenda kupiga picha. Picha hizo zingalipo: mkewe akimfundisha mtoto kuandika, watoto peku uani. Wiktoria Niemczak alimwoa tarehe 7 Julai 1935, naye Mungu akawajalia Stanisława, Barbara, Władysław, Franciszek, Antoni na Maria.

Wajerumani waliiteka Polandi mwaka 1939. Mwezi wa Oktoba 1941 walitoa amri kwamba mtu atakayempa Myahudi maficho atauawa. Katika kiangazi cha mwaka 1942 Wayahudi wengi wa Markowa walipigwa risasi. Ndipo, mwishoni mwa mwaka huohuo, Józef alipowafungulia mlango watu wanane: mzee Saul Goldman wa mji wa Łańcut na wanawe wanne, na pamoja nao Gołda Grünfeld na Lea Didner, na binti mdogo wa Lea. Walilala darini, katika nyumba ndogo ya mbao. Mchana wanaume walimsaidia Józef kupasua kuni na kutengeneza ngozi. Kila mama asomaye habari hii ajua maana yake kulisha vinywa kumi na sita wakati wa njaa ya vita, tena kwa siri, kwa muda upitao mwaka.

Katika kitabu chake cha Maandiko Matakatifu, Józef alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya kichwa cha mfano wa Msamaria mwema, akaandika pembeni neno moja tu la kukubali.

Walichongewa, yaaminiwa kwamba aliyewachongea alikuwa polisi mmoja wa Łańcut. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 24 Machi 1944 askari wakiongozwa na Eilert Dieken waliizingira nyumba. Waliwaua kwanza Wayahudi, kisha Józef na Wiktoria mbele ya mlango, na mwisho watoto. Mkubwa wao hakuwa ametimiza miaka minane. Wiktoria alikuwa karibu kujifungua, na walioufukua mwili wake usiku ili kuutia jenezani waliona kwamba uchungu ulikuwa umekwisha kuanza. Mtoto huyo asiye na jina Kanisa limemhesabu pia kati ya Wenyeheri, kwa kuwa amebatizwa kwa damu ya wazazi wake.

Wapo wazazi watakaouliza kama baba ana ruhusa ya kuwatia wanawe katika hatari kama ile. Hatuwalaumu; hata sisi swali hilo limetukosesha usingizi. Twaona tu kwamba si Józef aliyeweka uhai wa watoto wake upande mmoja wa mizani na uhai wa jirani upande wa pili. Walioifanya mizani hiyo ni wale walioandika amri. Binti mdogo wa Lea naye alikuwa mtoto, na nje ya mlango ule hakuwa na pa kwenda.

Dieken hakuhukumiwa kamwe. Baada ya vita alirudi kwao, akaendelea na kazi ya polisi, akafa mwaka 1960.

Na Markowa je? Baada ya asubuhi ile wanakijiji walijua wazi adhabu ingekuwa nini. Hata hivyo nyumba nyingine za kijiji hicho ziliendelea kuficha watu, na Wayahudi 21 walitoka humo hai vita vilipokwisha.