James Naismith, baba wa basiketi, na karatasi zake mbili

Kijana wa Katoyi mwenye kuchunga jezi ya zamani ya Dikembe Mutombo, ile namba 55, anaweza kuchekwa nyumbani: nguo imepauka, bado ya kazi gani? Lakini karatasi mbili za zamani za basiketi ziliuzwa zaidi ya dola milioni 4. Zilikuwa za James Naismith, mwenye kuanzisha huu mchezo.

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861, karibu na Almonte, nchini Kanada. Akiwa na miaka 9 alibaki yatima, wazazi wote wawili walikufa kwa homa ya matumbo. Mjomba wake njo alimulea. Aliacha shule, akaenda kukata miti msituni, kisha akarudilia masomo. Mwaka 1888 alimaliza katika chuo kikuu cha McGill, baadaye akasoma teolojia.

Mwaka 1891 alikuwa mwalimu wa michezo kule Springfield, Marekani. Ilikuwa Desemba, baridi kali. Wanafunzi hawakuweza kucheza nje, na ndani walikuwa wamechoka na mazoezi ya viungo. Mkubwa wake akamupa siku 14 atafute mchezo mpya wenye kuchezwa ndani bila watu kuumizana.

Naismith akaandika sheria 13. Zikapigwa mashini kwenye karatasi mbili na kutundikwa ukutani. Vikapu viwili vya kubebea matunda vikapigiliwa juu, zaidi kidogo ya metre 3. Wanafunzi 18 wakagawanyika, 9 kila upande, wakitumia mpira wa miguu. Mchezo ukaisha 1 kwa 0. Vikapu vilikuwa na kitako, kwa hiyo mpira ukiingia, lazima mtu apande kuutoa.

Ule mchezo haukumutajirisha. Mwaka 1898 alipata diplome ya udaktari, akahamia Kansas kufundisha. Kama kocha kule alishinda michezo 55 na kupoteza 60. Mwaka 1936, makocha wa Marekani walichanga feza ili afike Berlin, ajionee basiketi ikiingia katika michezo ya Olimpiki. Alikufa tarehe 28 Novemba 1939, akiwa na miaka 78.

Lakini zile karatasi hakuzitupa. Mwaka 1931 alizitia saini na tarehe kwa mkono wake, na zikabaki katika familia. Tarehe 10 Desemba 2010, ziliuzwa kwa mnada kule New York: dola 4.338.500. Mnunuzi, David Booth, alisomea Kansas, na leo zinaonyeshwa katika kile chuo kikuu. Jina la Naismith liko pia kwenye jumba la mashujaa wa basiketi kule Springfield, mwenye Mutombo aliingizwa mwaka 2015.

Bei haikupanda ju ya uzee tu. Saini, tarehe na mikono yenye zilipitia vilijulikana. Goma imepoteza vitu vingi vya namna hiyo: volkano ya 2002 iliunguza nyumba, vita inakimbiza watu mikono mitupu. Mwenye angali na medali au picha ya timu ya zamani, aandike nyuma yake mwaka, timu na majina ya wachezaji, wakati wenye kuwakumbuka wangali hai.