Leakey: Mwana wa Kabete aliyesaka umri wa binadamu

KATIKA mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, nyumba moja yaweza kupata nyanya, mama na mtoto ndani ya miaka 40, ilhali ya jirani ikahitaji miaka 60 kufikisha vizazi hivyo hivyo.

Tofauti hiyo ya urefu wa kizazi ndiyo huwatatiza wataalamu wanaokadiria ni lini binadamu alitengana na sokwe. Aliyefungua njia ya kuitatua ni Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya.

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903, katika misheni ya Kabete, akiwa mwana wa wamishonari Waingereza. Alikua akizungumza Kikuyu na kuingizwa katika rika la wenzake, miongoni mwa jamii iliyohesabu historia yake kwa marika.

Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akarejea 1926 kuchimbua mabaki ya kale. Wataalamu wengi walidhani chimbuko la binadamu ni Asia. Yeye alishikilia kuwa ni Afrika.

Mnamo Julai 17, 1959, mkewe, Mary, alipata fuvu katika bonde la Olduvai, Tanganyika. Leakey alilikadiria kuwa la miaka 600,000. Mwaka wa 1961, wataalamu wa Marekani walipima majivu ya volkano ya mahali hapo na kupata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio yake.

Mwaka uliofuata alitangaza mabaki ya taya kutoka Fort Ternan, yenye miaka milioni 14, akisema ni ya ukoo wa binadamu. Lakini mnamo 1967 Vincent Sarich na Allan Wilson wa California walilinganisha protini za damu na kusema binadamu na sokwe walitengana miaka milioni tano tu iliyopita. Leakey alipinga.

Hata hivyo, alikuwa amekwisha kupanda mbegu ya jibu. Mnamo 1960 alimtuma Jane Goodall kuchunguza sokwe wa Gombe, na 1967 akamsaidia Dian Fossey kufika kwa gorila wa milimani.

Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko machache mapya katika chembechembe za urithi. Mabadiliko hayo huhesabika, lakini kuyageuza kuwa miaka kunahitaji kujua wazazi huzaa wakiwa na umri gani.

Mnamo 2012, watafiti walitumia rekodi za makundi manane ya sokwe, yakiwemo ya Gombe, pamoja na za gorila. Walipata wastani wa miaka 25 kwa kizazi cha sokwe na 19 kwa gorila. Cha binadamu ni takriban 29. Kwa hesabu hiyo, binadamu na sokwe walitengana angalau miaka milioni saba au nane iliyopita.

Si Leakey wala wapinzani wake waliokuwa wamelenga sawasawa.

Leakey alifariki London Oktoba 1, 1972, miaka 40 kabla ya hesabu hiyo kukamilika, na akazikwa Limuru.