Armando Picchi: Nahodha wa Inter aliyeaga akianza kung'aa ukocha

MVUA kubwa ilikuwa ikinyesha jijini Turin, Italia, mnamo Mei 26, 1971, refa alipolazimika kuvunja mechi ya mkondo wa kwanza wa fainali ya Fairs Cup kati ya Juventus na Leeds United ya Uingereza. Dakika 51 zilikuwa zimechezwa, hakuna aliyefunga, na uwanja ulikuwa umegeuka dimbwi.

Siku iyo hiyo, mjini Sanremo, Armando Picchi alikata roho. Yeye ndiye aliyekuwa ameanza msimu huo akiwa kocha wa Juventus. Zilisalia siku 25 tu atimize umri wa miaka 36.

Picchi alizaliwa Juni 20, 1935, katika mji wa bandari wa Livorno na akaanza kusakata gozi katika klabu ya nyumbani kwao mnamo 1954. Mwaka wa 1959 alihamia SPAL ya Ferrara, na msimu mmoja baadaye akatua Inter Milan. Mwaka huo wa 1960 ndio Helenio Herrera, mzaliwa wa Argentina, alipowasili Inter kutoka Barcelona.

Wakati huo Picchi alikuwa beki wa kulia wa kawaida, asiye na umbo kubwa wala sifa ya kufunga mabao. Herrera ndiye aliyemwondoa pembeni na kumweka nyuma ya mabeki wote, katika nafasi ambayo Waitaliano huiita libero, yaani mtu huru. Huru kwa sababu hakupewa mshambuliaji wa kumkaba. Wenzake, Tarcisio Burgnich, Aristide Guarneri na Giacinto Facchetti, walikuwa na watu wao wa kuwaandama. Kazi ya Picchi ilikuwa kuusoma mchezo, kuziba kila ufa na kuokota kila mpira uliowaponyoka.

Mfumo huo ulijulikana kama catenaccio, neno lenye maana ya komeo la mlango. Wengi waliushutumu kwamba unaua ladha ya kandanda, na lawama hizo hazikukosa msingi. Hata hivyo, komeo halijifungi lenyewe. Picchi, aliyekabidhiwa utepe wa unahodha, ndiye aliyewapanga wenzake uwanjani, na si mara moja alifanya hivyo kwa namna iliyotofautiana na maagizo ya Herrera. Kimsingi, Inter ilikuwa na makocha wawili, mmoja kwenye benchi na mwingine akiwa amevaa jezi.

Matunda yalionekana upesi. Inter ilitwaa ubingwa wa Italia mwaka wa 1963, 1965 na 1966. Mnamo Mei 1964 iliilaza Real Madrid 3-1 jijini Vienna na kunyakua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, kisha mwaka uliofuata ikalihifadhi katika uwanja wake wa San Siro kwa kuichapa Benfica 1-0, licha ya Wareno hao kuwa na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji. Miaka hiyo miwili pia iliishinda Independiente ya Argentina na kutawazwa bingwa wa mabara.

Ajabu ni kwamba nahodha wa kikosi hicho hakupelekwa Kombe la Dunia la 1966. Kocha wa taifa Edmondo Fabbri hakupendezwa na mtindo wa kuwa na libero. Italia ilibanduliwa mapema baada ya kupigwa 1-0 na Korea Kaskazini mjini Middlesbrough, na wachezaji wakapokelewa nyumbani kwa nyanya. Picchi aliitwa tena baada ya aibu hiyo.

Anguko la Inter lilikuja ndani ya siku nane. Mei 25, 1967 ilicharazwa 2-1 na Celtic ya Scotland katika fainali ya Ulaya jijini Lisbon. Burgnich alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Picchi, alipoona jinsi Celtic walivyowazidi nguvu, alimweleza kipa Giuliano Sarti asijichoshe kuokoa mipira, maana bao lingeingia tu. Juni 1, Inter ikafungwa 1-0 na Mantova, Sarti akiteleza vibaya, na ubingwa wa ligi ukaenda kwa Juventus.

Herrera aliwauza Picchi na Guarneri. Kumtupa nahodha aliyeleta mafanikio makubwa kwa makosa ya juma moja kulikuwa ukatili, ingawa soka huendeshwa hivyo. Picchi alikwenda Varese, klabu ndogo, na bado akawa chaguo la timu ya taifa hadi Aprili 6, 1968, alipovunjika mfupa wa nyonga dhidi ya Bulgaria jijini Sofia. Italia ilishindwa 3-2 siku hiyo, ikalipiza kisasi jijini Naples, kisha ikatwaa Kombe la Ulaya bila yeye. Alikuwa ameichezea mara 12.

Akiwa Varese alianza ukocha huku angali mchezaji, lakini timu ikashushwa daraja mwaka wa 1969. Akarejea Livorno kuifunza katika Serie B. Hiyo haikuwa rekodi ya kumpeleka kocha Juventus, lakini mwaka wa 1970 Italo Allodi, aliyemfahamu tangu Inter, pamoja na Giampiero Boniperti, walimwamini. Alipewa vijana: Roberto Bettega, Franco Causio, Fabio Capello.

Maumivu ya mgongo yalimzidi Februari 1971. Ugonjwa ulikuwa umeshambulia uti wa mgongo, na hakurudi tena kwenye benchi. Nafasi yake ilichukuliwa na Čestmír Vycpálek, aliyekuwa akiwanoa makinda wa klabu hiyo.

Mechi iliyovunjwa ilirudiwa Mei 28 na kuisha 2-2. Ya marudiano Juni 3 jijini Leeds ikawa 1-1, na Leeds wakatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Msimu uliofuata vijana wale walishinda ligi, na wakaishinda tena mwaka wa 1973. Mjini Livorno, uwanja alikoanzia sasa unaitwa Stadio Armando Picchi.