Ibn Battuta, kadhi aliyepita Kilwa

Katika somo la historia ya ustaarabu tulijifunza kwamba Zama za Kati ni miaka karibu elfu moja, tangu kuanguka kwa Roma hadi Wareno na Wahispania walipoanza kuvuka bahari kuu. Ubaoni palichorwa Bahari ya Mediterania: kaskazini wafalme Wakristo, kusini na mashariki masultani Waislamu. Mchoro uliishia Misri. Nilirudi nyumbani Katuba nikiwa na swali moja: wakati huo wote, sisi tulikuwa wapi?

Nilianza kutafuta mtu mmoja aliyetoka ndani ya mchoro ule akafika upande wetu. Nikampata Ibn Battuta. Nilisoma safari zake katika tafsiri ya Kifaransa, ile iliyochapishwa Paris katika juzuu nne kati ya 1853 na 1858. Nilimpenda mara moja. Baadaye nilifika ukurasa ambao bado haujaniacha, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, kaskazini ya Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi wenye asili ya Kiberiberi. Dunia aliyozaliwa ndani yake ilikuwa imepinduliwa mara nyingi. Mwaka 1204 Wakristo wa Magharibi waliuteka mji wa Konstantinopoli kutoka mikononi mwa Wakristo wenzao wa Mashariki, na Wagiriki waliurudisha mwaka 1261 tu. Katika Uhispania, Córdoba ilichukuliwa na Wakastilia mwaka 1236 na Sevilla mwaka 1248. Waislamu wakabaki na ufalme mdogo wa Granada. Mwaka 1258 Wamongoli waliteketeza Baghdad na kumwua khalifa. Misri ilitawaliwa na Wamamluki, askari walionunuliwa utumwani wakageuka kuwa watawala. Hao ndio waliowasimamisha Wamongoli huko Ain Jalut mwaka 1260, na mwaka 1291 wakawatoa Wafaransa na wenzao katika Akka, ngome kubwa ya mwisho ya vita vya msalaba.

Nyumbani kwake pia mambo yalikuwa yamebadilika. Watawala wa zamani wa Moroko, Wamuwahidi, walikuwa na mafundisho yao ya dini na waliwabana wanasheria wa madhehebu ya Maliki. Wamarini waliowashinda, na kuingia Marrakesh mwaka 1269, hawakuwa na mafundisho mapya ya kuhubiri. Walihitaji watu wa kuwapa uhalali, basi wakawarudisha Wamaliki, wakajenga madrasa na kuwalipa walimu wake. Kijana wa Tangier aliyesoma sheria alikuwa na kazi mkononi kwa sababu utawala mmoja ulikuwa umeanguka na mwingine umesimama. Mabadiliko ya siasa na dini ndiyo yaliyompa mkate.

Aliondoka mwezi wa Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, kwenda kuhiji Maka. Aliondoka peke yake, akiwaacha wazazi hai. Alipofika Tunis watu walitoka kuwapokea wasafiri, kila mmoja akisalimiana na mtu wake. Yeye hakuwa na wa kumsalimu, akalia. Baadaye msafara wa mahujaji ulimchagua kuwa kadhi wao. Hapo naona maisha yake yote kwa ufupi: mgeni asiyejulikana na mtu, ambaye anapata heshima kwa sababu ya kile alichosoma.

Kutoka hapo, alipita Aleksandria akaona mnara maarufu wa taa ukiwa umeanza kubomoka. Alipita Kairo, Dameski na Yerusalemu, akafika Maka mwaka 1326. Alikwenda Baghdad akakuta sehemu kubwa ya mji ni magofu. Lakini wajukuu wa wale walioubomoa walikuwa wamesilimu: Ghazan, mfalme wa Kimongoli wa Uajemi, aliingia Uislamu mwaka 1295, miaka 37 tu baada ya kuuawa kwa khalifa. Ibn Battuta alimwona mfalme Abu Said, mpwa wa Ghazan, na kumsifu. Mshindi alikuwa amechukua dini ya aliyeshindwa. Sisi tunaosema Kifaransa darasani na Kiswahili barabarani tunajua kwamba ushindi hauendi njia moja.

Kisha alishuka kusini. Kutoka Aden alipanda jahazi, akafika Zeila, halafu Mogadishu, ambako sultani alisema lugha ya mji wake lakini alijua Kiarabu pia. Mombasa alilala usiku mmoja. Aliwaona watu wakila ndizi na samaki, na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Kila mtu alinawa miguu kabla ya kuingia. Mwaka 1331 alifika Kilwa.

Kilwa ya wakati ule ilishika biashara ya dhahabu ya Sofala. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, anahesabiwa kuwa ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yako hadi leo juu ya mwamba, pamoja na birika lake la pembe nane. Ibn Battuta aliuhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Anasema wakaaji wake wengi walikuwa weusi, wenye chale usoni. Sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ajili ya ukarimu wake. Alikuwa akifanya vita upande wa bara, akirudi na mateka na mali, akitenga sehemu ya tano kama sheria inavyoagiza, na kuwapa masharifu fungu lao.

Hapo ndipo penye kisa kinachonisumbua. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Watu wakasifu sana. Mtoto wa sultani akazitaka nguo zile za baba yake zirudi, akamlipa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akaamuru apewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaeleza haya yote kwa furaha, kama mfano wa mtawala mwema. Kwake ni kisa cha ukarimu tu.

Watu ishirini walibadilishana mikono kwa sababu ya vazi moja. Walitoka bara, upande ambao mimi natoka. Sisemi walitoka Katanga. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Lakini msomaji wa Katuba hawezi kukisoma kisa hiki akisimama pale mlangoni pa msikiti pamoja na wanaoshangilia. Anajikuta amesimama na wale ishirini.

Ibn Battuta hatuambii majina yao, wala kijiji chao, wala lugha waliyosema. Kwa kweli, haelezi hata lugha ya wenyeji wa Kilwa, ingawa neno Sawahil analijua kama jina la nchi. Alikuwa na Kiarabu, na Kiarabu kilimtosha: kilimfikisha kwa sultani, kwa kadhi, kwa masharifu. Kile kisichosemwa kwa Kiarabu hakikuingia katika masikio yake.

Nilipoona hivyo nilianza kusoma upya kitabu chote, nikiuliza swali moja tu la mwanafunzi wa lugha: nani alikuwa mkalimani? Majibu yanafundisha. Kutoka Kilwa alirudi Arabuni, akapita Anatolia, akafika kwa Uzbek Khan, mtawala wa Wamongoli wa nyika za kaskazini, ambaye naye alikuwa Mwislamu. Mmoja wa wake zake alikuwa binti wa Kigiriki, na Ibn Battuta alimsindikiza kwenda kwao Konstantinopoli. Kwa hiyo binti wa Kikristo aliolewa na khan Mwislamu ili serikali mbili zisipigane, na kadhi wa Moroko akaingia mji wa Wakristo chini ya ulinzi wake. Mbele ya mfalme, aliyewatafsiria alikuwa Myahudi kutoka Shamu. Dini tatu katika chumba kimoja, na daraja lilikuwa lugha. Katika kanisa kuu la Hagia Sophia hakuingia, kwa maana kila aliyeingia alitakiwa kuusujudia msalaba mlangoni.

Huko Delhi sultani Muhammad bin Tughluq alimpa cheo cha kadhi na mshahara mkubwa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba lugha ya nchi haijui vizuri. Akapewa wasaidizi wawili wa kufanya kazi pamoja naye. Huko visiwa vya Maldivi alifanywa kadhi tena, akajaribu kuwalazimisha wanawake wajifunike kifua. Hawakumsikiliza, aliweza tu kuwazuia wasiingie mbele ya baraza lake bila kujifunika. Sheria aliyosoma ilikuwa moja, lakini watu waliipokea kila mahali kwa namna yao.

Mwaka 1348 alikuwa njiani kurudi, akakutana na tauni kubwa. Dameski aliwaona Waislamu wakitoka na Kurani, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wote wakiomba pamoja baada ya kufunga siku tatu. Hapo hapo Dameski alipata habari kwamba baba yake alikuwa amekufa miaka kumi na mitano iliyopita. Alipokaribia nyumbani, mwaka 1349, akasikia kuwa tauni imemchukua mama yake pia. Alikuwa amewaona wafalme wengi wa dunia, lakini wazazi wake hakuwazika. Katika Moroko yenyewe sultani Abu Inan alikuwa amempindua baba yake, Abu al-Hasan.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa Mali, kuanzia mwaka 1352. Aliwasifu watu kwa kushika sala na kwa usalama wa njia, akawalaumu kwa desturi nyingine. Mfalme Mansa Sulayman hakusema moja kwa moja na umati. Maneno yake yalipita katika kinywa cha Dugha, mkalimani wake. Njiani kurudi alipita Takedda, katika nchi ya Niger ya leo, akaona machimbo ya shaba. Watumwa waliichimba na kuiyeyusha, ikatengenezwa vipande vyembamba vya kununulia nyama na kuni, na vinene vya kununulia nafaka, samli na watumwa. Aliondoka huko na msafara uliokuwa na wanawake watumwa 600.

Niliposoma juu ya shaba ya Takedda niliwaza nyumbani. Katika karne hiyo hiyo watu waliozikwa Sanga, karibu na ziwa Kisale, waliwekwa kaburini pamoja na misalaba midogo ya shaba. Haikuwa misalaba ya Kikristo. Ilikuwa mali, na baadaye fedha. Ndiyo ile iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Kwa hiyo swali langu la darasani lilikuwa na jibu. Wakati Ibn Battuta anakula kwa sultani wa Kilwa, sisi tulikuwa hapa, tukiyeyusha shaba, tukioana na kuzikana. Mchoro wa ubaoni ulikosa upande mmoja tu: ule ambao hakuna mwandishi aliyeufikia.

Ibn Battuta alisimulia safari zake kwa amri ya Abu Inan, na mwandishi Ibn Juzayy, mtu wa Granada, akaziandika. Kazi iliisha mwezi wa Desemba 1355. Wataalamu wameonyesha kwamba Ibn Juzayy aliingiza maelezo ya Ibn Jubayr, msafiri wa zamani zaidi, na wengine wana shaka juu ya safari ya China. Baada ya hapo Ibn Battuta alifanya kazi ya ukadhi katika mji mmoja wa Moroko hadi kufa kwake, miaka kumi na zaidi baadaye.

Simhukumu kama mtu wa leo. Karibu kila mtawala aliyemkaribisha alikuwa na watumwa, Mwislamu kwa Mkristo, na yeye mwenyewe aliwanunua na kuwauza. Bila yeye, Kilwa ya 1331 isingekuwa na shahidi aliyeiona kwa macho yake. Lakini kumshukuru shahidi hakutuzuii kuuliza hakumsikia nani.

Nkambo wangu amezaliwa upande wa Bunkeya, mji wa M'Siri aliyeuawa mwaka 1891. Kwao wanakumbuka kwamba watu wa ukoo walikwenda na misafara ya pembe na shaba, wasirudi. Jioni moja, tukingoja bukari iive, alitaka kujua ninasoma nini kila siku. Nikamsimulia kisa cha fakiri na nguo za sultani. Alimcheka sana yule mtoto anayenunua nguo za baba yake. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza wale ishirini walikuwa watoto wa nani.

Nilimwambia kwamba kitabu hakisemi. Akanijibu kwamba, basi, nisiache kuuliza, kwa maana nimepelekwa shuleni kwa ajili hiyo.