H. G. Wells: Mwalimu Aliyepima Mwendo wa Vita kwa Uzi

Wengi wetu tunamjua Herbert George Wells kuwa mtunzi wa hadithi za sayansi. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mwalimu kama sisi, na kwamba aliacha kitabu kidogo cha mchezo chenye manufaa kwa mwalimu wa hisabati. Katika makala hii tutayaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha tuone alivyolijibu swali moja: katika vita vya mezani, askari aruhusiwe kwenda umbali gani kwa zamu moja?

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, Uingereza. Baba yake alikuwa mwenye duka dogo na mchezaji wa kriketi; mama yake alikuwa amepata kuwa mtumishi katika nyumba za matajiri. Mnamo 1874 alivunjika mguu, na katika siku zile za kulala kitandani akaonja utamu wa vitabu. Umaskini wa nyumbani ulimpeleka kujifunza kazi katika duka la nguo, kazi aliyoichukia mno. Mwaka 1883 alijinasua, akawa mwanafunzi-mwalimu katika shule ya Midhurst. Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusomea sayansi mjini London, ambako Thomas Henry Huxley alimfundisha biolojia. Baadaye alifundisha Henley House, London, shule aliyosoma A. A. Milne, ambaye naye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa vitabu vya watoto. Alipata shahada mwaka 1890, na mwaka 1893 akachapisha kitabu cha kiada cha biolojia. Afya mbaya ilimwondoa darasani, ndipo akashika kalamu. Hadithi yake ya The Time Machine ilitoka mwaka 1895.

Watoto wake wawili wa kiume walizaliwa 1901 na 1903. Akicheza nao sakafuni, na pia na marafiki zake watu wazima, alitambua kwamba mchezo una elimu ndani yake. Mwaka 1911 alitoa kitabu cha michezo ya sakafuni, na mwaka 1913 kikafuata Little Wars, yaani Vita Vidogo. Vifaa vyake vilikuwa askari wadogo wa madini na mizinga ya kuchezea iliyorusha vipande vya mti.

Sheria za mwendo zilikuwa nyepesi. Askari wa miguu alikwenda futi moja au pungufu kwa zamu; mpanda farasi alikwenda futi mbili au pungufu. Kila mchezaji alipewa nyuzi mbili, mmoja wa futi mbili, mwingine wa inchi sita. Ule mrefu ulipima mwendo wa farasi. Ukikunjwa katikati, unapata mwendo wa miguu. Ule mfupi ulipima umbali kati ya mzinga na watu wake, kwa maana mzinga haukufyatuliwa bila watu wanne kuwa karibu nao. Aidha, katika zamu moja mzinga ama ulisogezwa ama ulifyatuliwa, haukufanya yote mawili. Nao ukifyatuliwa, haukuzidi mara nne. Muda nao ulipimwa: dakika moja kwa kila askari thelathini, na dakika moja kwa kila mzinga. Hivyo mwenye kuchelewa kuamua alipoteza nafasi yake.

Hapa ndipo mwendo unapogeuka kuwa hesabu. Tuchukue uwanja wa wazi wa futi 6 mbele ya mzinga mmoja. Askari wa miguu atahitaji zamu 6, naye mpanda farasi zamu 3. Ikiwa mzinga utafyatuliwa mara nne baada ya kila zamu, wa kwanza atakabili mapigo 24, wa pili 12. Mtoto anayeona hayo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa uhusiano wa mwendo, umbali na wakati.

Mbegu hiyo ilichipua mbali. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja. Humo mwendo ulitajwa kwa inchi: 12 kwa asiyevaa deraya, 6 kwa aliyevaa deraya nzito. Katika toleo la 2014 duru moja ya mapambano ni sekunde 6, na binadamu huenda futi 30. Penye matope au vichaka, kila futi huhesabiwa mbili.

Je, ni halali mwalimu kuingiza vita darasani? Wells mwenyewe alilikabili swali hili. Mwishoni mwa kitabu chake alieleza kwamba yeyote aliyecheza vita vidogo na kuona jinsi mipango inavyoharibika ataogopa kuwakabidhi watu vita vikubwa. Mwaka mmoja baadaye, 1914, Vita Kuu ilizuka na kuua mamilioni. Wells aliiunga mkono kwa kalamu, akitumaini kwamba ingekomesha vita vyote. Tumaini hilo halikutimia. Mwaka 1940, katikati ya vita vingine, alikuwa akipigania tamko la haki za binadamu. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1946.

Kwetu sisi jibu ni hili: tuchukue uzi, tuache mzinga. Vifuniko vya chupa vinatosha kuwa wachungaji na ng'ombe wanaowahi kisimani kabla ya jua kuzama. Mchungaji apewe uzi mzima, ng'ombe nusu yake, na penye tope mwendo ugawanywe kwa mbili. Wanafunzi wapime wenyewe, wabishane, kisha wakubaliane na kipimo. Mtoto aliyekubali kushindwa kwa sababu uzi haukufika amejifunza hisabati, na amejifunza haki pia.