Atiman, Mganga wa Karema

Zamani, karibu mwaka 1866, mtoto mwanamume alizaliwa karibu na mto mkubwa Niger, si mbali na mji wa Tombouctou. Inchi ile inaitwa leo Mali. Mtoto yule aliitwa Atiman.

Alipokuwa angali mdogo, Watuareg walimkamata, wakamvusha jangwa la Sahara, wakamwuza kama mbuzi. Tangu siku ile hakumwona tena baba yake wala mama yake. Mwaka 1876, katika inchi ya Algeria, Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Atiman hakuwa tena mtumwa. Lakini kijiji chake kilikuwa mbali sana, ng'ambo ya jangwa. Basi akakaa pamoja na watoto wengine waliokombolewa, akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa, akapewa jina la Adrien.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, aliwaza hivi: Wazungu peke yao hawataweza kuwasaidia watu wote wa Afrika, inafaa Waafrika wenyewe wawasaidie ndugu zao. Kwa hiyo alichagua vijana wenye akili kati ya wale waliokombolewa, akawapeleka kisiwa cha Malta wajifunze uganga. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa Malta tangu mwaka 1881 mpaka mwaka 1888. Hata huko alikuwa mgeni, lakini alijifunza kwa bidii mpaka akawa mganga.

Mwaka 1888 akatumwa pamoja na wamisionari kwenda ziwa Tanganyika. Walisafiri baharini mpaka pwani ya mashariki ya Afrika. Toka pale walikwenda kwa miguu, pamoja na wapagazi wengi, maana wakati ule hapakuwa na reli wala motokari katika inchi ile. Walipita mapori na mito kwa muda wa miezi mingi. Mwaka 1889 Atiman akafika Karema, upande wa mashariki wa ziwa. Ng'ambo ya pili ni inchi ya Kongo. Misioni ya Karema ilikuwa ndani ya boma ambalo Wabelgiji walianza kulijenga mwaka 1879, kisha wakawaachia Mapadri Weupe mwaka 1885.

Atiman alikuwa kijana wa miaka kama 23. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama ya watu wa Karema, lakini alikuwa mgeni kabisa. Hapakuwa na mtu wa ukoo wake. Lugha ya mama yake haikujulikana pale. Tena hatari ilikuwapo: wafanya biashara ya watumwa walizunguka pande zote mbili za ziwa, wakichoma vijiji na kuwafunga watu. Huyu aliyeuzwa alipokuwa mtoto alikuja kukaa kati ya watu waliokuwa wakiuzwa.

Watu husema kwamba mgeni hulishwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Jembe la Atiman lilikuwa dawa. Aliwaosha wenye vidonda, akawatibu wenye homa, akawaendea wagonjwa wasioweza kutembea. Alijifunza lugha ya watu ili aweze kuwauliza wagonjwa ni wapi panapowauma. Hakuzidharau dawa za wenyeji kwa sababu alikuwa amesoma Ulaya. Alijifunza miti na majani yanayoponya, akayatumia pamoja na dawa zake.

Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa sultani wa inchi ile. Hivi yule asiyekuwa na ukoo akapata wakwe na mashemeji, na watu wa kumwita jamaa. Mwana wao Joseph akapewa upadri mwaka 1923.

Wadachi walitawala inchi ile, wakaondoka. Waingereza wakaja nyuma yao. Atiman alibaki palepale pamoja na wagonjwa wake. Wale aliowatibu wakiwa watoto walizeeka, wakamletea wajukuu wao. Serikali na Kanisa zilimpa nishani za heshima. Katika uzee wake aliandika habari za maisha yake.

Alikufa Karema mwaka 1956, mwezi wa Aprili, akiwa mzee wa miaka karibu 90. Alikuwa amefanya kazi ya uganga mahali pamoja kwa muda wa miaka 67.

Ninyi watoto, labda siku moja mtahama, mkakae katika inchi ya wengine. Msingoje watu wawapende kwanza. Jifunzeni lugha yao, tafuteni kazi ya kuwasaidia, waheshimuni. Atiman alifanya hivyo, na Karema ikawa kwao.

Maulizo
1. Atiman alizaliwa wapi? Nani walimkamata?
2. Alijifunza uganga wapi, kwa miaka mingapi?
3. Alifanya nini ili asibaki mgeni kule Karema?
4. Kijijini mwenu kuna mtoto mgeni? Mwaweza kumfanyia nini?