Maisha ya Profesa Hynek, Mchunguzi wa Visahani Virukavyo

Kurasa hizi za Kiswahili zimekwisha kutupa habari za wafalme, majemadari na wasafiri mashuhuri. Leo mimi nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakushinda vita wala hakuvumbua nchi. Alipewa kazi ya kuchunguza jambo ambalo wataalamu wengi walilicheka, akalichunguza kwa muda wa miaka karibu arobaini, na kwa ajili yake alilaumiwa na pande zote. Nimemchagua yeye kwa sababu katika midahalo yetu naona mara nyingi kwamba tunapenda kushinda kuliko kujua, na maisha ya mtu huyu yanaonyesha gharama ya kila moja ya mambo hayo mawili.

Josef Allen Hynek alizaliwa katika mji wa Chicago, Marekani, tarehe 1 Mei 1910. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Kicheki. Mwaka ule ule nyota yenye mkia iitwayo Halley ilipita karibu na jua, nayo hurudi kila baada ya miaka 75 au 76. Kijana huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha Chicago, akapata shahada ya kwanza mwaka 1931 na ya udaktari mwaka 1935. Elimu yake ilikuwa ya nyota. Mwaka 1936 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Ohio State. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotengeneza kifaa cha redio cha kulipua kombora linapokaribia shabaha yake. Vita vilipokwisha akarudi kwa wanafunzi wake.

Basi tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja, Kenneth Arnold, alikuwa akiruka karibu na mlima Rainier, upande wa magharibi wa Marekani. Akasema ameona vitu tisa vinavyong'aa vikienda kwa kasi kubwa mno. Magazeti yakaviita visahani virukavyo, na kabla ya majuma mengi kupita watu wa kila jimbo walikuwa wakisema nao wameviona. Jeshi la Anga likaingiwa na wasiwasi, kwa maana lilihofu huenda Warusi wametengeneza eropleni za namna mpya. Mwaka 1948 likaweka ofisi ya kuchunguza habari hizo huko Dayton, Ohio. Ilihitaji mtu wa kusema ni zipi zilizotokana na nyota na vimondo tu. Profesa Hynek alikuwa akikaa mji usio mbali, naye akaajiriwa kuwa mshauri.

Mwanzoni aliiona kazi hii kuwa ya mchezo. Alidhani ni homa ya kupita, nayo itakwisha kama mitindo ya nguo. Alizipitia habari moja moja, na nyingi zikamfunulia siri yake upesi. Hii ilikuwa sayari ya Zuhura, ile ilikuwa kimondo, nyingine puto. Ninyi wenyewe mwaweza kujaribu. Tazameni nyota moja angavu penye giza tupu, mahali pasipokuwa na mti wala paa la kulinganishia. Baada ya kitambo mtaiona kama inatikisika. Aliye ndani ya motokari huiona ikimfuata njia nzima. Macho hayasemi uwongo kwa makusudi, lakini hudanganyika.

Lakini hata yeye mjuzi alikosea. Tarehe 7 Januari 1948 rubani wa jeshi, Kapteni Thomas Mantell, alipanda juu sana katika anga la Kentucky akifuata kitu king'aacho. Hakuwa na hewa ya oksijeni ya kutosha kwa kimo kile, eropleni yake ikaanguka, akafa. Hynek alisema huenda kitu kile kilikuwa Zuhura. Baadaye ikaonekana kwamba yaelekea lilikuwa puto kubwa mno la Jeshi la Majini, la kazi ya siri, ambalo wachunguzi hawakuambiwa habari zake. Mimi naona hapa pana somo la kwanza. Mchunguzi aweza kuwa na akili nzuri na bado akakosa, ikiwa wenye siri wamemfungia mlango.

Mwaka 1952 ofisi ile ilipewa jina la Blue Book. Mwaka huo Hynek aliwauliza wataalamu wa nyota 44, faraghani, kama wamewahi kuona kitu wasichoweza kukieleza. Watano wakakubali, ila hawakutaka majina yao yajulikane. Jambo hili lilimgusa. Alifahamu kwamba kicheko ni kama kizuizi barabarani: huwazuia waongo, na huwazuia wakweli pia.

Mwezi wa Januari 1953 idara ya upelelezi ya Marekani ilikusanya wataalamu wachache chini ya Profesa Robertson. Wakakaa siku chache tu, wakatazama habari chache, wakaamua kwamba visahani si hatari kwa taifa, na ya kuwa yafaa watu wafundishwe wasivijali. Hynek alikuwamo, lakini kama msaidizi. Aliona kwamba haraka ile haikustahili, naye akanyamaza. Kunyamaza huku kulikuja kumdai baadaye.

Nisiwafanye mdhani kwamba hakuwa na kazi nyingine. Mwaka 1956 alikwenda Cambridge, Massachusetts, kusimamia mpango wa kufuatilia miezi ya kubuniwa ambayo ilikuwa karibu kurushwa. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, watazamaji wake wa kujitolea walikuwa tayari na darubini zao. Vituo 12 vyenye kamera kubwa vilijengwa duniani, na kimojawapo kilikuwa katika bara letu, Olifantsfontein, Afrika ya Kusini. Mwaka 1960 akawa mkuu wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago.

Wakati huo vyama vya wapenda visahani vilikuwa vimekwisha kuzaliwa. APRO kilianza mwaka 1952. NICAP kilianza mwaka 1956, na tangu mwaka 1957 kiliongozwa na Meja Donald Keyhoe, aliyelishutumu Jeshi la Anga kila siku kwamba linaficha ukweli. Mtu angefikiri vyama hivi vingesaidiana. Havikusaidiana. Kila kimoja kilitaka mashahidi wake, jarida lake na wanachama wake, na kimoja kiliudharau uchunguzi wa kingine. Mwaka 1969 watu waliotoka APRO wakaanzisha kingine, ambacho leo ni MUFON. Upande wa pili walisimama wakanushaji. Profesa Donald Menzel wa Harvard aliandika kwamba visahani ni mazigazi na nuru zilizopindwa na tabaka za hewa. Mwandishi wa habari za eropleni, Philip Klass, akasema baadhi yake ni mipira ya hewa yenye umeme. Mbele ya wote hao Hynek alikuwa sauti ya jeshi.

Hata mwezi wa Machi 1966 mambo yakamharibikia. Katika jimbo la Michigan watu wengi, pamoja na wanafunzi wa chuo kimoja, waliona nuru juu ya vinamasi karibu na Dexter na Hillsdale. Hynek alipelekwa, na baada ya siku chache tu akasimamishwa mbele ya waandishi wa habari mjini Detroit, tarehe 25 Machi. Alisema kwamba nuru za mahali pale pawili huenda zilitokana na gesi ya kinamasi. Sisi wa Uganda tunaokaa karibu na mafunjo twajua kwamba majani yaozayo chini ya maji hutoa viputo vya gesi. Wataalamu husema gesi hiyo yaweza kutoa nuru hafifu. Lakini magazeti yaliacha maneno yote ya hadhari yakashika neno moja, kinamasi. Nchi nzima ikacheka, na watu wa Michigan wakaona wametukanwa. Mbunge wao Gerald Ford, ambaye mwaka 1974 alikuwa Rais, akadai jambo hili lichunguzwe na Bunge. Tarehe 5 Aprili Hynek alihojiwa na kamati ya Bunge, na hapo akaomba wataalamu wa nje ya jeshi wapewe kazi hii.

Mwezi wa Juni mwaka huo alitembelewa na mtu mkali, Profesa James McDonald wa Arizona, mtaalamu wa hewa na mawingu. McDonald alikuwa amezisoma faili za jeshi, akashangaa kuona habari nzito zimefungwa kwa maneno mepesi. Akamkemea Hynek kwa hasira. Alitaka kujua amewezaje kukaa miaka 18 na mambo hayo bila kuwaambia wataalamu wenzake. Jibu la Hynek lilikuwa kwamba kama angepiga kelele, jeshi lingemfukuza, na faili zingebaki bila mtu wa kuzitazama kwa makini. Tangu siku hiyo watu hawa wawili waliotaka jambo moja hawakuaminiana tena.

Jeshi likatoa fedha kwa Chuo Kikuu cha Colorado, chini ya Profesa Edward Condon, fundi mkubwa wa fizikia. Wengi wakafurahi, wakidhani mwisho umefika. Kumbe ugomvi ndio ulikuwa unaanza. Ikapatikana barua iliyoandikwa mwaka 1966, kabla kazi haijaanza, na msimamizi mmoja wa mpango ule. Barua ilionyesha njia ya kuufanya uchunguzi uonekane wa haki machoni pa watu, huku wataalamu wengine wakijua kwamba wachunguzi hawatazamii kupata kitu. Barua ikamfikia McDonald. Mwezi wa Februari 1968 wasaidizi wawili waliodhaniwa kuitoa wakafukuzwa. Ripoti ya Condon ilitoka mwaka 1969, ikasema miaka 21 ya kuchunguza visahani haikuiongezea sayansi kitu, ingawa ndani yake kulikuwa na mambo yaliyobaki bila maelezo. Tarehe 17 Desemba 1969 Blue Book ikafungwa. Hesabu yake ilikuwa habari 12,618, na kati ya hizo 701 hazikupata jibu.

McDonald hakupata raha. Klass alimwandama kuhusu fedha za safari zake. Mwaka 1971 McDonald alikwenda mbele ya wabunge kueleza madhara ya eropleni ziendazo kasi kuliko sauti, jambo alilolijua barabara, lakini wakamcheka kwa ajili ya visahani. Akafa mwaka huo huo, mwezi wa Juni.

Hynek, sasa huru, aliandika kitabu mwaka 1972, akizipanga habari kwa mafungu: nuru za usiku, visahani vya mchana, vilivyoonekana kwa rada na kwa macho pamoja, na vile vilivyokaribia watu kwa namna tatu. Mwaka 1973 akaanzisha kituo chake cha uchunguzi. Sinema maarufu ya Steven Spielberg ya mwaka 1977 ilipata jina lake kutoka fungu lake la mwisho, na yeye mwenyewe anaonekana ndani yake kwa kitambo kidogo. Tarehe 27 Novemba 1978 alisema mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa wito wa serikali ya Grenada.

Wapenda visahani walidhani sasa ni wao. Lakini sikieni alivyofanya. Kituo chake kilimwajiri mchunguzi wa kudumu, Allan Hendry, naye akafuatilia habari zaidi ya 1,300. Mwaka 1979 akachapisha matokeo: karibu tisa katika kila kumi zilikuwa nyota, eropleni za matangazo, vimondo na mfano wa hayo. Tena Hynek mwenyewe alianza kusema kwamba hana hakika kama vitu hivyo hutoka sayari nyingine. Waamini wengi hawakupendezwa. Klass naye hakuacha kumpinga. Alikufa tarehe 27 Aprili 1986 huko Scottsdale, Arizona, miezi michache baada ya nyota ya Halley kupita tena karibu na jua.

Sasa maoni yangu. Wengine katika chama chetu cha sayansi wamesema Hynek alikuwa mwoga, na kwamba McDonald ndiye shujaa. Mimi nakubali nusu. Kunyamaza kwake mwaka 1953 kulikuwa kosa, kwa sababu mtaalamu anayejua kwamba kazi imefanywa ovyo amekwisha kuwa na deni kwa wenzake. Lakini angalieni jambo hili: Menzel alijua jibu kabla ya swali, na Keyhoe vilevile. Katika ugomvi wote ule ni Hynek aliyetoka upande mmoja kwenda wa pili kwa sababu ya yale aliyoyasoma, na alipofika huko hakuwapa wenyeji wake zawadi ya uwongo. Zile 701 hazithibitishi wageni kutoka mbinguni. Zathibitisha tu kwamba hazikupata jibu, na kuna watu wachache sana wawezao kuliacha swali likae hivyo bila kulijaza kwa kicheko au kwa imani.

Ndugu zangu, mkiona nuru ya ajabu usiku, msikimbie kusimulia wala msicheke anayesimulia. Tazameni saa, upande iliko, na kimo chake juu ya miti, mkayaandike. Kesho yake saa ile ile tazameni tena. Ikiwapo pale pale, yaelekea ni Zuhura au Mshtarii. Isipokuwapo, andikeni pia kwamba haikuwapo.